Jua, Ngozi na Mafundi Wasioonekana

Kama uko jikoni, dukani, shambani ama umeketi ndani ya matatu, tega sikio. Leo tunazungumza juu ya jua na ngozi. Najua kuna mtu anayesema, "Jua tumezaliwa nalo, tumekulia ndani yake, kuna lipi jipya la kuambiwa?" Subiri kidogo. Ndani ya ngozi yako kuna kazi kubwa inayofanyika tangu asubuhi hadi usiku, nawe hujui. Kuna mafundi wanaorekebisha yale ambayo jua limeharibu. Mafundi hao wakikosekana, au kazi ikiwazidi nguvu, mtoto anaweza kupata saratani ya ngozi kabla hajamaliza shule ya msingi.

Tuanze na chembechembe hai za mwili, yaani seli. Mwili wako umejengwa kwa seli nyingi mno, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Ndani ya karibu kila seli mna maandishi ya urithi yanayoitwa DNA. Maandishi hayo ndiyo yanayoieleza seli cha kufanya: wewe ni seli ya ngozi, fanya hivi, wewe ni ya ini, fanya vile, gawanyika sasa, sasa acha. Ungeunyoosha uzi wote wa DNA ulio ndani ya seli moja tu, ungefika karibu mita 2. Na umekunjwa ukaingia mahali padogo kuliko unavyoweza kuona kwa macho.

Ili uelewe vizuri, fikiria zipu ya jaketi. Zipu ina pande mbili, na kila jino la upande huu hushikana na jino la upande ule. DNA nayo ina pande mbili. Meno yake ni ya aina nne, ambazo wataalamu huziita kwa herufi A, T, G na C. Daima A hushikana na T, na G hushikana na C. Kwa hiyo ukijua upande mmoja ulivyo, unaweza kuujua upande wa pili bila kuuona. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu ndilo linalowawezesha mafundi wetu kufanya kazi.

Sasa jua linafanya nini? Mwanga wa jua una miale ambayo hatuioni, iitwayo miale ya urujuanimno. Miale hiyo inapogonga ngozi, huweza kuyafanya meno mawili yaliyo jirani, ya upande uleule mmoja, yagandane. Hasa hutokea pale T mbili zinapofuatana. Badala ya kila moja kushikana na mwenzake wa ng'ambo, zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Zipu inapata kivimbe. Seli ikijaribu kuisoma au kuinakili, inakwama hapo, ama inasoma vibaya.

Na hili si jambo la mara moja kwa mwaka. Seli moja ya ngozi iliyoachwa wazi kwenye jua kali huweza kupata makovu ya namna hiyo kwa makumi ya maelfu katika siku moja. Ndiyo, seli moja. Basi utauliza, mbona sote hatujaisha kwa saratani? Jibu ni kwamba tuna ngao, na tuna mafundi.

Ngao ni ile rangi ya ngozi, ambayo wataalamu huiita melanini. Rangi nyeusi tuliyo nayo ni mwavuli uliotandazwa juu ya DNA ya kila seli. Huizuia sehemu kubwa ya miale isifike ndani. Lakini hakuna mwavuli usiopenyeza hata tone. Miale michache hupita, na hapo ndipo mafundi wanapoitwa.

Mafundi hao ni vimeng'enya. Pengine ulilisikia neno hilo shuleni ulipofundishwa kuhusu mate na usagaji wa chakula. Kimeng'enya ni kitu ambacho mwili hukitengeneza wenyewe ili kifanye kazi fulani maalumu. Kuna vya kusaga chakula, na kuna vya kurekebisha DNA. Hivi vya kurekebisha hufanya kazi kama kikosi, na kila mmoja ana zamu yake.

Wa kwanza ni mkaguzi. Huyu hupita akiipapasa zipu, akitafuta mahali palipovimba au kupinda. Akipaona, anawaita wenzake. Wa pili ni mfunguzi: huitenganisha zipu mahali hapo ili pawe na nafasi ya kufanyia kazi. Kisha huja wakataji wawili. Mmoja hukata upande huu wa kovu, mwingine upande wa pili, na kipande kibovu chenye herufi kama 30 hivi kinatolewa. Baadaye anakuja mjazaji. Yeye hutazama upande wa pili ambao haukuharibika, akiona A anaweka T, akiona G anaweka C, hadi pengo limejaa. Mwisho ni mwunganishaji, kimeng'enya kiitwacho ligasi, ambaye huziba ncha zilizobaki. Kazi imekwisha, zipu ni nzima, wala hutajua kama kulikuwa na shida.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwili wako hauongojei ukuta uanguke. Huuziba ufa saa ileile.

Na kama ufa haukuzibwa? Kuna mambo mawili. Seli ikiona imeharibika kupita kiasi, hujiua yenyewe. Hiyo ndiyo sababu mtu aliyeungua na jua hubambuka ngozi baada ya siku kadhaa. Seli hizo zimejitoa ili zisilete madhara. Jambo la pili ni baya zaidi. Seli inaweza kugawanyika ikiwa na makosa yake, ikawapa watoto wake makosa hayo, nao wakawapa wajukuu. Makosa yakiangukia yale maandishi yanayosema "acha kugawanyika", seli haziachi tena. Hapo ndipo saratani inapoanzia.

Msikilizaji mpendwa, haya yote tumeyajua vipi? Mengi tumefundishwa na watoto wagonjwa. Katika miaka ya 1870, daktari mmoja wa ngozi mjini Vienna, Moriz Kaposi, alieleza ugonjwa wa watu ambao ngozi yao ilikuwa kavu na yenye madoadoa, na ambao walipata uvimbe wa saratani wakiwa bado wadogo. Ugonjwa huo uliitwa zeroderma pigmentosamu. Kwa karibu miaka 100 hakuna aliyejua chanzo chake. Ndipo mwaka 1968 mtafiti James Cleaver, huko San Francisco nchini Marekani, alipochukua seli za ngozi za wagonjwa hao na kuzimulika kwa miale. Aligundua kwamba seli zao zilishindwa kuirekebisha DNA yao. Hawa walikuwa na ngao, lakini hawakuwa na mafundi.

Baadaye mtaalamu Aziz Sancar aliendelea kuchunguza kikosi hicho. Sancar alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur, nchini Uturuki, na wazazi wake hawakujua kusoma wala kuandika. Akasomea udaktari, akatibu watu mashambani, halafu akaenda Marekani kufanya utafiti. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, kwa kazi yao ya kueleza namna seli inavyoirekebisha DNA. Mzazi unayenisikiliza, usiseme mtoto wa kwako hawezi.

Sasa tuje nyumbani. Ugonjwa huu wa zeroderma pigmentosamu si wa kawaida. Huko Marekani hukadiriwa kuwa humpata mtu mmoja hivi kati ya watu 1,000,000, na Japani mmoja kati ya 22,000. Huonekana zaidi mahali ambapo ndugu wa karibu huoana, kwa mfano sehemu za Afrika Kaskazini. Lakini unaweza kutokea katika jamii yoyote, hata katika kijiji chako. Na ukitokea, mara nyingi hautambuliwi mapema.

Dalili zake ni hizi. Mtoto mchanga akitolewa nje kwa muda mfupi tu, ngozi inaungua, inavimba na kutoa malengelenge. Wengine hawaungui hivyo, lakini kabla ya kutimiza miaka 2 wanaanza kupata madoadoa usoni, mengine meusi na mengine meupe. Ngozi inakauka. Mtoto anakwepa mwanga, anafumba macho, na macho yanakuwa mekundu na kutoa machozi. Baadaye vinatokea vinundu na vidonda usoni, midomoni, puani, hata kwenye ulimi. Wapo pia ambao masikio yao hupungua kusikia na mishipa ya fahamu hudhoofika. Katika wagonjwa waliofuatiliwa Marekani kwa miaka mingi, nusu ya wale waliopata saratani za kawaida za ngozi waliipata ya kwanza kabla au wakiwa na umri wa miaka 9. Umri huo, mtoto wetu yuko darasa la tatu au la nne.

Ukiona dalili hizo, mpeleke mtoto hospitalini na uombe aonwe na daktari wa ngozi. Hakuna dawa ya kuwarudisha mafundi waliokosekana. Lakini mtoto anayekingwa na jua tangu mapema huweza kuishi miaka mingi zaidi, kusoma na kufanya kazi. Kwa mtoto huyu hata kukaa karibu na dirisha si salama, maana kioo huruhusu sehemu ya miale kupita. Aketi mbali na dirisha, au liwekwe pazia zito. Kwa kuwa hapati jua, daktari huweza kumwandikia vitamini D.

Kundi la pili ni kubwa zaidi hapa kwetu, nao ni ndugu zetu wenye ualbino. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Watu wengi huuchanganya ugonjwa tulioutaja na ualbino, kwa hivyo sikiliza tofauti yake. Mtoto wa zeroderma ana ngao, mafundi ndio hawapo. Mtu mwenye ualbino ana mafundi wote na ni hodari, ila ngao ndiyo haipo. Melanini yake ni kidogo sana au hana kabisa. Miale inaingia moja kwa moja kama mvua kwenye nyumba isiyo na paa. Mafundi wanafanya kazi usiku na mchana, lakini kazi ni nyingi kuwaliko. Kila siku panabaki nyufa kadhaa zisizozibwa, na nyufa hizo hujumlika mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu saratani ya ngozi huwaua wengi wao wakiwa vijana, ilhali ni saratani inayoweza kuzuiwa.

Hapa nataka niseme jambo moja waziwazi. Hali hizi mbili ni za kurithi. Mtoto huzaliwa nazo pale anapopata jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe huwa wazima kabisa, hawana hata dalili moja. Wawili kama hao wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye hali hiyo. Kwa hiyo, baba, usimfukuze mama wa watoto ukidai alitembea nje. Shangazi na nyanya, msiseme ukoo wa bibi arusi umeleta laana. Kila upande umechangia sawa. Ndoa zimevunjika na watoto wamefichwa ndani kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyelitenda kwa makusudi.

Tumkinge vipi mtoto huyu? Mavazi ndiyo mwanzo, mafuta yanafuata. Mvalishe shati la mikono mirefu na suruali au sketi ndefu, ya kitambaa kilichofumwa karibu karibu. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kofia ya mbele tu, ile wanayovaa vijana, huacha masikio na shingo, na hapo ndipo saratani hupenda kuanzia. Miwani ya jua ni muhimu kwa macho. Kazi za nje zifanywe asubuhi mapema au jioni. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, akae kivulini.

Mafuta ya kujikinga na jua yawe ya nguvu ya SPF 30 au zaidi. Apake kama dakika 20 kabla ya kutoka, na arudie kila baada ya saa mbili akiwa nje. Asisahau masikio, midomo, shingo nyuma na migongo ya mikono. Serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, imekuwa na mpango wa kuwapatia watu wenye ualbino mafuta haya bila malipo. Uliza katika ofisi ya baraza hilo iliyo katika kaunti yako, au hospitali iliyo karibu nawe. Jirani zetu wa Moshi, Tanzania, wameanzisha hata karakana ya kutengeneza mafuta hayo kwa ajili ya ngozi hizi. Na tafadhali, mafuta hayo yakiletwa nyumbani ni ya mtoto mmoja. Si ya familia nzima kujipaka baada ya kuoga, kisha yaishe katika wiki moja naye mwenyewe abaki bila.

Wengine husema, "Sisi tunakaa Limuru, ama Nyahururu, kwetu ni baridi." Msikilizaji, miale hii haina joto. Inapita mawinguni. Na kadiri unavyopanda mlima, ndivyo inavyozidi kuwa kali, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Mtoto mwenye ualbino wa nyanda za juu anahitaji kofia sawa na wa Lodwar au wa Malindi.

Walimu, nanyi mna sehemu yenu. Mruhusuni mwanafunzi huyu avae kofia na mikono mirefu hata kama si sare ya shule. Wakati wa gwaride asimamishwe kivulini. Na kwa kuwa macho yake huwa dhaifu, aketi mbele karibu na ubao, lakini si mkabala na dirisha.

Je, sisi wengine wenye ngao kamili? Tusilale. Hapa Afrika Mashariki kuna saratani ya utando wa jicho, ambayo huhusishwa na jua kali na huwapata zaidi watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Ukiona kinyama cheupe au chekundu juu ya weupe wa jicho kinachoendelea kukua, nenda ukaonwe. Tena kuna wanaojichubua kwa mafuta ya zebaki na haidrokwinoni ili wawe weupe. Mafuta hayo yamepigwa marufuku, na pamoja na sumu yake, yanaitoboa ngao yako mwenyewe.

Pia huenda ukaona duka likiuza krimu ghali yenye maneno kwamba "inarekebisha DNA". Ukweli ni huu. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 30 wa zeroderma pigmentosamu. Baadhi yao walipakwa losheni iliyotiwa kimeng'enya cha kurekebisha DNA, nao wakapata mabaka mapya ya hatari machache kuliko waliopakwa losheni tupu. Ni habari njema kwa watafiti. Lakini krimu ya dukani si dawa hiyo, na hakuna krimu inayochukua nafasi ya kofia. Pesa zako nunulia kofia.

Neno la mwisho ni juu ya vidonda. Kidonda chochote usoni, sikioni, mdomoni au mkononi kisichopona kwa muda wa wiki nne, au baka gumu linalotoka ukoko kila mara na kuvuja damu, halifai kungojewa. Usilipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Usingoje mavuno ndipo uende. Likiwa dogo, daktari hulikata au kuligandisha kwa muda mfupi, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Likiachwa, hula sikio, hula pua, halafu huenda kwenye tezi za shingo, na hapo hata hospitali kubwa inaweza kushindwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi, mpenzi msikilizaji, tuyakusanye tuliyosema. Jua huharibu DNA ya ngozi kila siku. Ngao yetu ni rangi ya ngozi, na mafundi wetu ni vimeng'enya. Asiye na ngao, na asiye na mafundi, wote wanaweza kuishi vizuri kama sisi tuliowazunguka tutakuwa kivuli chao. Ukimjua mtoto mmoja tu mwenye ualbino, jirani yako au mwanafunzi wako, leo kabla jua halijatua uliza: ana kofia? Kama hana, unaanzia hapo.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumzia ini na ukungu wa mahindi. Mimi nakuaga kwa leo nikikutakia wewe na jamaa yako afya njema. Kwaheri ya kuonana.